Taa ya Birika

Jirani yetu Nasipwondi anasema Zadock, dereva wetu wa zamani, alikuwa akiuza oili pale njia panda ya Kisian. Anasema alimwona kwa macho yake mawili, siku aliyokuwa akitoka matangani Maseno: pikapu ya buluu ya Mama Samaki imefichwa nyuma ya kioski, Zadock amelala chini ya injini, karai limetegwa, oili inatiririka kama uji. Halafu, anasema, Zadock akatoa chupa ya mafuta yaliyokaangiwa mandazi, akamimina humo badala ya ile oili aliyouza.

"Ndiyo maana ile gari ikipita inanuka mandazi," anasema, na wanawake waliopanga foleni kwenye mfereji wetu hapa Migosi wanacheka hadi ndoo zinafurika.

Kila akisimulia, kitu kinaongezeka. Mwanzoni hapakuwa na mandazi. Baadaye mandazi yakaja, lakini askari hakuwepo. Siku hizi kuna askari pia, aliyepewa samaki mzima ili ageuze uso.

"Muulizeni Adero kama nadanganya," anawaambia. "Si yeye ndiye aliyeigundua ile taa?"

Mimi huinua ndoo yangu nikaenda. Pikapu haikuwahi kusimama Kisian nikiwa ndani, na nilikuwa ndani kila siku. Lakini habari ya taa ni ya kweli, na ilitoka kinywani mwangu.

Mama Samaki ni shangazi yangu Perez, dada ya baba. Mimi humwita waya, kama tunavyowaita dada za baba kwetu. Nilipomaliza darasa la nane alinichukua nikae naye Migosi nimsaidie biashara. Ana pikapu, na kule Asembo Bay ana boti moja yenye injini. Kila alfajiri tulikuwa tunaondoka na pikapu kwenda ufuoni kuchukua samaki, mbuta na ngege, tuwahi kurudi sokoni Kibuye kabla barafu haijawa maji. Zadock anaendesha, waya amekaa mlangoni, mimi katikati, magoti yangu yamebanwa na fimbo ya gia.

Waya hamwamini mtu na mafuta. Madereva waliomtangulia Zadock walimchezea, naye akaapa hachezewi tena. Oili ananunua mjini mwenyewe, ya kupimiwa kutoka kwenye pipa, anaileta nyumbani katika mitungi miwili ya plastiki. Mmoja ni wa injini ya pikapu. Wa pili ni oili ya gia, ile nzito kabisa, kwa ajili ya mguu wa injini ya boti, kule chini kunakozama majini. Mguu ule umechakaa na unaingiza maji, kwa hiyo waya huagiza oili nzito kuliko zote. Mitungi inafungiwa stoo, na ufunguo wa stoo nilivaa mimi shingoni.

Dereva hagusi mtungi. Pikapu ikihitaji oili, mimi namimina kwenye chupa za soda, namkabidhi mlangoni, naye anamwaga kwenye injini waya akitazama. Dereva mwingine angetukana. Zadock alicheka tu.

"Nyonyesha mtoto, Adero," alikuwa akisema, amenyoosha mikono yote miwili. "Mtoto analia."

Na kulikuwa na maombi. Waya haruhusu gari litoke uani bila maombi. Zadock anawasha injini, anaiacha ingurume ipate joto, sisi watatu tunainamisha vichwa na waya anaanza, "Baba yetu uliye mbinguni." Siku moja alimkamata Zadock amefungua macho akitazama saa, akamwuliza kama Mungu ana haraka. Tangu siku hiyo Zadock alikuwa anafunga macho kabisa, amekaza kope kama anayenyolewa.

Mimi sifungi macho sawasawa. Tangu utoto huwa naacha ufa mdogo. Na mbele yangu, chini ya kioo, kulikuwa na taa ndogo nyekundu yenye picha ya kitu kama birika, tone moja likidondoka mdomoni. Zadock ndiye aliyenifundisha.

"Hiyo ni taa ya oili," aliniambia siku za kwanza. "Injini ikiwa bado haijawaka, acha ikae, ni kawaida. Injini ikishanguruma, birika lazima lipotee hapo hapo. Likikataa kupotea, oili haifiki inakotakiwa. Usiulize mtu, zima injini."

Zamani birika lilipotea kabla waya hajafika "mbinguni". Baada ya mwaka mpya nikaona linafika "jina lako litukuzwe". Nilidhani waya anasali haraka zaidi, nikasubiri. Siku kulipopambazuka na joto, lilipotea mapema kidogo. Mvua za Aprili zilipoanza na asubuhi zikawa za baridi, birika likafika hadi "utupe leo" likiwa bado jekundu. Lakini Asembo, injini ikiwa ya moto, Zadock akizima na kuwasha tena, linapotea papo hapo. Kibuye vilevile. Ilikuwa ni asubuhi tu, wakati wao wawili wamefumba macho. Waya akisema "Amina", hakuna taa tena, kuna barabara.

Nilichunguza hadi nikawa na hakika. Zadock alikaa karibu nami hivi kwamba mkono wake ukibadilisha gia unagusa goti langu. Ningemwambia yeye, neno moja tu. Nikaenda kumwambia waya, jioni, tukiwa tunakula.

"Waya, taa ya birika inachelewa kuzima asubuhi."

"Inachelewa vipi?"

Nikamweleza, pamoja na habari ya maombi, na ya macho yangu. Hakunigombeza kwa ajili ya macho. Alishika tonge mkononi bila kulipeleka mdomoni.

"Na maana yake ni nini?"

"Zadock alisema maana yake oili haifiki."

"Oili natoa mimi."

"Ndiyo, waya."

"Natoa ya kutosha. Sasa inaenda wapi?"

Sikujua inaenda wapi. Yeye akajijibu mwenyewe kwamba inauzwa. Hakuna kati yetu aliyesema tufungue boneti tuangalie. Nikumbukapo jioni ile, ndicho kitu kinachoniuma: boneti ilikuwa hapo nje, hatua chache kutoka mezani.

Asubuhi yake waya hakusali. Alisimama nje ya mlango wa dereva, kanga kiunoni, akamwambia Zadock awashe. Injini ikanguruma. Birika likabaki. Zadock akaliona, na nakumbuka uso wake: alishangaa kweli.

"Hii ni nini?" waya akauliza.

"Inazima, Mama. Ona, si hiyo imezima."

"Imezima baada ya kungoja wee! Oili yangu unampelekea nani?"

"Oili gani tena, Mama? Ni baridi hii. Injini yenyewe ni nzima. Imetulia siku hizi kuliko zamani, hata ile kugonga-gonga imeacha."

"Imetulia kwa sababu imekauka!"

Nasipwondi alikuwa anapita na ndoo. Akatua ndoo. Wapangaji wa nyumba ya nyuma wakatoka na miswaki mdomoni. Zadock aliwaona wote, akanigeukia mimi, akasema kwa sauti ya chini, kama vile tuko wawili ndani ya pikapu.

"Adero. Wewe unakaa hapa katikati kila siku. Umewahi kuniona nikitoa hata tone?"

Sikuwahi. Jibu lilikuwa ni "hapana", na lilikuwa tayari ulimini. Halafu nikafikiria zile saa ambazo mimi na waya tuko ufuoni kwenye mizani ya samaki na Zadock amebaki na gari peke yake. Nikataka kusema lile tu ninalolijua kwa hakika. Na nitasema na hili pia: nilikuwa nimependa jinsi waya alivyoshika lile tonge akinisikiliza.

"Sijui," nikasema. "Kuna saa siko karibu."

Nasipwondi akasema, "Ehee!"

Zadock hakukasirika. Angekasirika ningepata nafuu. Alizima injini, akaweka ufunguo juu ya boneti, akachukua sweta lake nyuma ya kiti na kile kitambaa cha kufutia kioo, ambacho kilikuwa chake, akatoka kwa miguu kuelekea Kondele.

Dereva mwingine alikuja kutoka Nyalenda. Aliwasha, akatazama birika, akazima papo hapo, akashuka na mikono juu kama mtu aliyeshikwa na polisi.

"Mama, hii injini unataka ife mikononi mwangu halafu useme ni mimi? Ita fundi kwanza."

Ndipo waya akamwita Bwana Seif, fundi wa mjini, mtu wa makamo mwenye kofia ya kufuma na maneno machache. Seif alileta sharti moja: gari isiwashwe kabla hajafika. "Hata kuisukuma, Mama, msisukume. Injini ikipata moto ugonjwa unajificha."

Alifika akitoka msikitini. Aliweka kiganja juu ya injini kama anayepima homa. "Baridi. Vizuri."

Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. "Imejaa hadi alama ya juu."

"Imejaa?" waya akasema.

"Tazama mwenyewe. Nani alikwambia hamna oili humu?"

Waya hakunitazama. Mimi nilikuwa natazama kuku.

"Basi tuone filta," Seif akasema. "Filta nzuri ina kilimi cha mpira ndani, kinazuia oili isirudi chini usiku. Kilimi kikifa, oili yote inashuka, asubuhi pampu inaanza kujaza upya, ndiyo taa inachelewa." Aliifungua. Ilikuwa imejaa hadi mdomoni. Aliinamisha kidogo, na oili ikajivuta ukingoni, ikaning'inia, haikutaka kuanguka. Seif akaguna. Akaifunga tena.

Halafu akatoa ile swichi ndogo iliyo ubavuni mwa injini, inayopeleka habari kwenye taa, na mahali pake akafunga geji yenye mshale. "Binti, washa."

Niliwasha. Mshale ulilala. Moyo wangu, kwa mazoea, ukaanza "Baba yetu", na ulifika mbali kabla mshale haujastuka. Kisha ukatambaa, ukatambaa, ukapanda, ukapita hata pale Seif alipokuwa ameweka kidole.

"Zima. Pampu nzima, swichi nzima. Taa inasema kweli. Oili inafika, na ikifika ina nguvu kupita kiasi. Shida ni kwamba inafika ikitambaa." Alichomoa kijiti tena, safari hii akakinusa. Akampa waya anuse. Akanipa mimi.

Niliijua harufu ile kabla kijiti hakijanifika puani. Ni harufu ya kiberiti na yai viza, ile inayobaki vidoleni siku ninapomimina oili ya boti, sabuni haiitoi hadi kesho yake.

"Hii ni oili ya gia," Seif akasema. "Tena ile nzito kabisa. Nani aliweka hii kwenye injini?"

Nilienda stoo. Mitungi yetu haina maandishi. Tunaijua kwa vizibo: wenye gunzi la mahindi ni wa pikapu, wenye tambara ni wa boti. Nilileta wenye gunzi. Seif akanusa, akatikisa kichwa. "Hii hii." Nikaleta wenye tambara. "Na hii ndiyo oili ya injini." Aliokota kipande cha kioo, akadondosha tone la mtungi huu na tone la mtungi ule, akakiinamisha. Tone moja likakimbia hadi ukingoni. La pili likakaa pale pale kama limeambiwa lisubiri.

Kabla ya Krismasi nilisafisha stoo. Nilitoa mitungi nje, nikachomoa vizibo vyote viwili, nikapangusa midomo ya mitungi hadi ikang'aa, nikarudisha vizibo. Mwaka mpya Zadock alimwaga oili yote ya zamani ili aweke mpya, nami nikamjazia chupa moja baada ya nyingine kutoka kwenye mtungi wa gunzi; stoo nzima hunuka oili ya boti, sikuishtukia harufu. Alipokuwa akimimina aliinua chupa juani, akacheka. "Adero, hii ni oili au asali?" Nikamjibu, kwa sauti ya mwenye ufunguo, "Ni mpya. Ndiyo maana." Naye akaamini, kwa sababu sheria ya nyumba ilikuwa amwage anachopewa.

"Ni mimi," nikasema. "Nilibadilisha vizibo."

Seif akajifanya anatafuta spana. Waya alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Kwa hiyo boti nayo inakunywa ya pikapu," akasema.

"Ndiyo, waya."

"Na Zadock hakuuza."

"Hakuuza."

Seif alimwaga oili yote, akaosha, akabadilisha filta, akaweka inayostahili, akasema tumshukuru Mungu bado injini haijala vyuma vyake. Aliwasha. Birika likapotea mara moja. Baada ya kumpa fundi chai na kumsindikiza, waya aliniita jikoni, akasema bila kunitazama, "Watu wakiuliza, pampu ilikuwa imechoka. Umesikia? Pampu."

"Na Zadock?"

"Zadock atapata kazi. Madereva hawakosi kazi."

Nilijaribu kusema ukweli, nikaanzia karibu. Nilimwambia Nasipwondi mferejini, mbele ya wote, kwamba ni mimi, kwamba Zadock hakuuza hata tone. Alinishika shavu kwa mkono uliolowa.

"Jamani, huyu mtoto ana roho nzuri! Anataka kumfunika mwizi." Akawageukia wengine. "Ndiyo maana namwambia shangazi yake, huyu aolewe mapema kabla hajadanganywa na wanaume." Wakacheka. Nikajua basi kwamba "sijui" yangu walikuwa wameichukua haraka, na "hapana" yangu hawana mahali pa kuiweka.

Nilisikia Zadock sasa anavua Asembo Bay, nikaenda huko mchana, na lori la barafu. Zadock alikuwa majini hadi mapajani, kwenye mstari wa wanaume wanaovuta kokoro, ule wavu mrefu unaoburutwa hadi ufuoni. Wa mbele aliponiona akapaza sauti:

"Oili! We Oili! Mgeni wako!"

Zadock akaitika. Alikuwa ameshazoea kuitika.

"Mgeni wa Oili lazima alete chupa!" mwingine akasema, na mstari mzima ukacheka bila kuachia kamba.

Alitoka, akajifuta mikono kwenye kaptura, tukasimama kando ya mizani. Nilimwambia yote: vizibo, asali, geji, kioo. Sikulia, nilikuwa nimejiahidi. Alisikiliza akitazama vidole vya miguu yangu. Nilipofika kwenye yale matone mawili aliinua kichwa.

"Kwa hiyo injini ilitulia kwa sababu ya ule uzito," akasema. "Ndiyo maana iliacha kugonga. Na mimi nilimwambia mke wangu, ile gari siku hizi inanipenda." Alitaka kucheka, dereva ndani yake ndiye aliyetaka kucheka, kisha ikaisha.

"Nisamehe, Zadock."

"Wewe ulikosea vizibo. Na siku ile ulisema hujui. Haya, umekuja, umesema, nimesikia." Alitazama wale wanaume. "Unasikia wananiita nini? Mke wangu akienda kusaga mahindi anaitwa Mama Oili. Kanisani waliniombea kwa jina, Jumapili, nikiwa nimekaa hapo hapo. Waliomba niache wizi."

"Niwaambie? Niwaambie sasa hivi?"

"Wewe ni mtoto wa nyumba yake. Watasema umetumwa." Alibandua gamba la samaki lililogandia mkononi, akalitupa. "Aliyenifukuza mbele ya watu si wewe. Mwambie Mama aje mwenyewe. Aje mchana, wavuvi wakiwa hapa na wanawake wakiwa kwenye mizani, aseme tu kwamba Zadock hakuiba. Kazi sitaki. Pesa sitaki. Aje aseme hilo tu, halafu aende zake."

"Nitamwambia."

"Mwambie namwomba. Tumia neno hilo hilo. Namwomba."

Wakamwita, "Oili, kamba!" naye akarudi majini.

Nilimkuta waya uani, amekalia kigoda, karai la ngege kati ya miguu, anaparua. Magamba yalikuwa yamemrukia hadi kwenye nyusi. Nilimsalimu. Akauliza kama barafu ya kesho imeagizwa. Nikasema imeagizwa. Akauliza kama kule mvua imenyesha. Nikasema haijanyesha.

"Waya, nilikuwa kwa Zadock."

Kisu kilienda mbele na nyuma.

"Anaitwa Oili kule. Na mke wake pia. Anasema kazi hataki, pesa hataki. Anakuomba uende mwenyewe, mchana, watu wakiwepo, useme kwamba hakuiba. Amesema nitumie neno hilo: anakuomba."

Waya alimgeuza samaki upande wa pili. Nilisubiri, maana kusubiri nakujua. Alimaliza upande ule, akamweka kando, akachukua mwingine.

"Waya," nikasema, "nimwambie utaenda lini?"